Kabla hujaingia wodini: jinsi mwanafunzi wa uuguzi anavyojipima pombe na sigara

"Unakunywa chupa ngapi?" Mgonjwa anajibu, wewe unaandika kwenye faili. Swali lenyewe bovu, maana chupa hazilingani. Hesabu gramu za kilevi: zidisha mililita kwa asilimia ya kilevi, zidisha tena kwa 0.79, kisha gawa kwa 100. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kina gramu 55. Gongo haina lebo, kwa hiyo haihesabiki.

Sasa jijazie mwenyewe dodoso la AUDIT, la Shirika la Afya Duniani la kupima unywaji wa pombe, maswali 10, ukichukua gramu 10 kuwa kinywaji kimoja. Wengi huteleza swali la 3: ni mara ngapi umefikisha vinywaji 6 kwa kikao kimoja? Wanaweka sifuri wakidhani ni chupa 6, kumbe bia 3 zimeshatosha. Alama 8 ni unywaji wa hatari. 20 na zaidi, muone daktari.

Mwili huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Bia 4 ulizoanza saa tatu usiku zinaweza kuwa bado damuni saa moja asubuhi, unapopokea ripoti ya zamu. Kahawa itakuchangamsha tu. Kilevi hakitoki haraka zaidi.

Kwa sigara, angalia saa. Ukiwasha ya kwanza ndani ya dakika 30 baada ya kuamka, jojo ya nikotini inayokufaa ni ya miligramu 4. Ukiwasha baadaye ya hapo, ya miligramu 2. Itafune taratibu hadi iwashe, ibane kati ya shavu na fizi, muwasho ukiisha utafune tena. Ukiitafuna mfululizo kama jojo ya kawaida utaimeza nikotini, upate kwikwi na kiungulia. Usinywe soda wala kahawa dakika 15 kabla. Arosto hupamba moto siku ya 2 na ya 3, kwa hiyo usianze kuacha wiki ya zamu za usiku.

Pombe ni tofauti. Kama mikono hutetemeka asubuhi mpaka unywe, usiache ghafla ukiwa hosteli: degedege linaweza kuja ndani ya saa 48. Nenda hospitali. Na ile dripu ya glukosi mnayotundikiana chumbani ni hatari kwa mnywaji wa muda mrefu, kwani bila thiamini (vitamini B1) inaweza kuamsha ugonjwa wa Wernicke, unaodhuru ubongo. Thiamini hutangulia.