Nguruwe na Kuku katika Boma Moja: Kazi za Siku, Hatua kwa Hatua

Nguruwe majike wawili pamoja na watoto wao, na kuku wapatao hamsini, huhitaji takriban saa tatu za kazi kwa siku, asubuhi na jioni zikijumlishwa. Muda huo unatosha ikiwa kila kazi inafanywa kwa zamu yake. Zamu ikivurugika, mfugaji hujikuta amewapelekea vifaranga ugonjwa kwa viatu vyake mwenyewe, au amewamwagia watoto wa nguruwe chakula cha kuku kwa kuwa ndoo ilikuwa karibu. Mwongozo huu unaifuata siku moja tangu alfajiri hadi usiku, kwa namna ninavyoifanya mimi, na unaongozwa na kanuni moja: anza kwa mdogo umalizie kwa mkubwa, anza kwa mzima umalizie kwa mgonjwa, wala usirudi ulikotoka kabla ya kunawa na kubadilisha viatu.

Hatua ya 1: Tenganisha mabanda kabla ya kuleta mnyama yeyote

Kuku wanaochakura miguuni pa nguruwe hupendeza machoni, lakini mimi siruhusu. Nguruwe hula nyama kama anavyokula majani, na akishaonja yai au kifaranga aliyepenya zizini hatasahau ladha hiyo. Yapo pia maradhi yanayovuka kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Kifua kikuu cha ndege humwambukiza nguruwe, bakteria wa salmonela huishi katika matumbo ya wote wawili, na nguruwe anaweza kuambukizwa mafua ya ndege na mafua ya binadamu kwa wakati mmoja, hali inayovipa virusi hivyo nafasi ya kuchanganyika mwilini mwake.

Ikiwa ardhi ina mteremko, kuku wakae juu na nguruwe chini, ili maji ya mvua yasipitishe kinyesi cha nguruwe katika uwanja wa kuku. Kila banda liwe na koleo lake, ufagio wake na mabuti yake, navyo vibaki mlangoni pake. Karai la kukanyagia lenye dawa ya kuua vijidudu linafaa, mradi buti lisuguliwe kwanza, kwa maana dawa nyingi hupoteza nguvu zinapokutana na kinyesi.

Hatua ya 2: Simama utazame kabla ya kugusa ndoo

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, nayo haichukui zaidi ya dakika kumi. Wanyama wakishasikia mlio wa ndoo, wote huchangamka, hata mgonjwa hujikokota, na dalili ulizopaswa kuziona hupotea katika purukushani. Nenda kimya.

Kwa kuku, tazama aliyejitenga, aliyefumba macho, aliyelegeza mabawa au aliyevimbisha manyoya ilhali hakuna baridi. Kisha chuchumaa hadi kichwa chako kifike kimo cha kuku na uvute pumzi: macho yakikuwasha hapo, kuku wamekesha wakivuta hewa kali inayotoka kwenye kinyesi, na maranda yanahitaji kugeuzwa au kubadilishwa leo hii. Ukisimama wima hutaigundua.

Kwa nguruwe, anza na namna walivyolala. Wakirundikana juu ya wenzao wanasikia baridi. Wakitawanyika kila mmoja peke yake huku wakihema, wanasikia joto. Wakilala ubavu kwa ubavu bila kupandana, wako sawa. Nguruwe mkubwa mwenye afya huwa na joto la mwili la nyuzi 38.5 hadi 39.5, kwa hiyo kipimajoto cha njia ya haja kubwa ni kifaa kisichokosekana katika sanduku langu. Madoa mekundu au ya zambarau kwenye masikio na tumbo, pamoja na homa kali na kukataa chakula, ni sababu ya kufunga lango na kumwita daktari wa mifugo mara moja, kwa kuwa huenda ni homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa wa virusi usio na tiba. Haimwambukizi binadamu, lakini inaweza kulimaliza zizi zima.

Hatua ya 3: Maji kabla ya chakula

Jike anayenyonyesha huweza kunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, na anayepungukiwa maji hula kidogo, kisha hutoa maziwa kidogo. Kuku mtagaji hunywa takriban robo lita, zaidi wakati wa joto, na kukosa maji kwa siku moja tu kunaweza kuonekana kwenye mayai kwa siku nyingi zinazofuata.

Sugua vyombo kila asubuhi kabla ya kujaza. Nguruwe waliokaa muda mrefu bila maji wasipewe mengi kwa ghafla: chumvi iliyojikusanya mwilini, maji yakirudi kwa wingi, husababisha ubongo kuvimba, na mnyama huanza kuyumba, kugonga ukuta na kutetemeka. Wape kidogo kidogo kwa saa kadhaa.

Hatua ya 4: Wahudumie kuku

Anza na vifaranga. Juma la kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 usawa wa migongo yao, kisha hupunguzwa takriban nyuzi tatu kila juma hadi manyoya yaote. Mtagaji wa aina ya kisasa hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Chakula chake kina madini mengi ya chokaa kwa ajili ya maganda ya mayai, na ndiyo maana hakifai kwa vifaranga, ambao figo zao huharibika, wala kwa watoto wa nguruwe, ambao chokaa ikizidi huwazuia kufyonza madini ya zinki, ngozi ikaota magamba. Niliwahi kuhangaika na magamba hayo kwa majuma mawili nikidhani ni ukurutu wa utitiri, hadi nilipogundua kwamba aliyekuwa akinisaidia kulisha alichota kwenye gunia lisilo lake. Tangu hapo kila gunia lina ndoo ya rangi yake.

Kiota kimoja hutosha kuku wanne au watano. Okota mayai mara mbili au tatu kwa siku, kwani yai linalokaa hupasuka, na yai lililopasuka hufundisha kuku kula mayai. Yale ya kuatamishwa yahifadhiwe mahali pa ubaridi wa wastani, ncha iliyochongoka ikiwa chini, yasizidi siku saba. Yatahitaji siku 21 kuanguliwa.

Kuhusu chanjo, mdondo, ambao wengine huuita kideri, ndio unaoweza kufagia banda ndani ya siku chache, nao hauna dawa. Fuata ratiba iliyoandikwa kwa aina ya chanjo unayotumia; ile ya matone ya jicho kwa kawaida hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Usimchanje kuku mgonjwa.

Hatua ya 5: Nenda kwa nguruwe, safisha kisha lisha

Nguruwe ni msafi kuliko sifa zake. Akipewa nafasi hutenga kona ya kujisaidia mbali na malazi, akipendelea mahali palipo na ubaridi na unyevu. Unapoingiza nguruwe katika zizi jipya, mwaga maji kidogo na uweke kinyesi kidogo kwenye kona unayoitaka wewe, na sehemu nyingine iwe kavu yenye nyasi. Ndani ya siku mbili watakuwa wamekubaliana nawe, na kazi ya koleo itapungua kwa nusu. Ukiwabana wengi katika nafasi ndogo, watalala juu ya uchafu kwa kuwa hawana pengine.

Jike mwenye mimba hutosheka na kilo mbili hadi mbili na nusu za chakula kamili kwa siku, kwa maana akinenepa kupita kiasi huzaa kwa taabu. Anayenyonyesha huongezewa takriban nusu kilo kwa kila mtoto juu ya kilo mbili za msingi, na kiwango hicho hufikiwa polepole katika juma la kwanza baada ya kuzaa. Chakula chenye kuvu kitupwe, hata kama inauma, kwa sababu sumu za kuvu huathiri kizazi cha jike na ini la kila mnyama.

Mabaki ya jikoni ndiyo mtego mkubwa wa mfugaji mdogo. Virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika huishi kwa miezi katika nyama iliyogandishwa au kukaushwa, na kipande kimoja cha soseji kinatosha. Baadhi ya nchi zimeharamisha kabisa kuwalisha nguruwe mabaki yenye nyama. Mimi huwapa maganda ya mboga na matunda tu, yasiyogusana na nyama.

Hatua ya 6: Mchana, kivuli na daftari

Nguruwe hatoi jasho la kumpoza, kwa hiyo wakati wa jua kali mpe kivuli na tope au mnyunyizio wa maji. Nguruwe weupe huungua ngozi.

Mchana ndio wakati wangu wa daftari. Jike ambaye hajapandishwa huhamanika, yaani hutaka dume, kila baada ya siku 21 hivi, na kipimo ninachokiamini ni kumkandamiza mgongoni kwa viganja viwili: akisimama kama mti na kusimamisha masikio, yuko tayari. Mpandishe, kisha rudia baada ya saa 12 hadi 24. Andika tarehe, hesabu siku 114, yaani miezi mitatu, majuma matatu na siku tatu, na ikifika siku ya 21 mjaribu tena. Asiposimama, huenda mimba imeshika.

Hatua ya 7: Jioni, na usiku wa kuzaa

Kuku huingia wenyewe giza linapokaribia; kazi yako ni kuwahesabu, kufunga mlango na kuokota mayai ya mwisho, ili panya wasikaribishwe. Pita kwa nguruwe, ongeza maji, kagua viota vya nyasi.

Usiku wa kuzaa una utaratibu wake. Jike anayekusanya nyasi kwa mdomo na kuparua sakafu huenda atazaa ndani ya siku moja, na maziwa yakitoka kwa urahisi ukikamua, mara nyingi zimebaki saa chache. Zizi lake liwe limeoshwa na kukauka, na kandokando ya ukuta kuwe na fito zilizoinuliwa sentimita 20 hadi 25 kutoka sakafuni na umbali kama huo kutoka ukutani, ili mtoto apate pa kujiponyea mama anapojitupa chini. Pembeni pawe na kona ya watoto yenye joto la nyuzi 32 hadi 34. Taa ya joto ifungwe kwa mnyororo. Ikining'inizwa kwa waya wake wa umeme itaanguka kwenye nyasi.

Watoto hutoka kwa kupishana dakika 15 hadi 20. Mpanguse kila mmoja pua na mdomo, umpake iodini kwenye kitovu, kisha umweke kwenye chuchu, kwa kuwa huzaliwa bila kinga na hupata yote kutoka kwenye maziwa ya kwanza, ambayo mwili wake huyapokea vizuri zaidi katika saa za mwanzo. Wadogo waweke kwenye chuchu za mbele, ambazo kwa kawaida hutoa zaidi. Baada ya siku chache kila mtoto atakuwa na chuchu yake na hatakubali kuhamishwa. Jike akisukuma kwa nguvu kwa muda wa saa moja bila mtoto kutoka, mwite daktari. Siku ya tatu wachome sindano ya madini ya chuma, miligramu 200 kila mmoja, kwa sababu maziwa ya mama yana chuma kidogo mno na waliofungiwa kwenye sakafu ya saruji hawana udongo wa kuchimbua.

Kondo likishatoka, liondoe kabla hajalila, hesabu watoto waliohai na waliokufa, andika kwenye daftari, nawa mikono, na uache mabuti mlangoni.