Nyaraka za Programu kwa Wasioona: Sikiliza Ukurasa Wako Kwanza

Ukurasa wa kwanza niliouandika kuelekeza watu kutumia programu yetu niliuona mzuri, mpaka siku niliyoketi na dada mmoja asiyeona akiufungua. Maandishi yalikuwa ya Kiswahili, sauti ya kisoma skrini chake, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, ikayatamka kana kwamba ni Kiingereza. Tulisikiliza aya nzima tusiambulie kitu. Hatua hizi zimetokana na marekebisho niliyoyafanya tangu siku ile.

1. Sikiliza. Pakua NVDA, kisoma skrini cha bure cha Windows kilichoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kisha akaungana naye James Teh, wote wawili wasioona. Fungua ukurasa wako, zima skrini, weka kipanya kando. Herufi H inakurusha kwenye kichwa kinachofuata, K kwenye kiungo, T kwenye jedwali. Insert pamoja na F7 huleta orodha ya viungo na vichwa. Jaribu kutafuta namna ya kusakinisha programu yako mwenyewe.

2. Taja lugha. Violezo vingi vya tovuti huja na `lang="en"`, alama inayosema ukurasa ni wa Kiingereza, na sisi tunaoandika Kiswahili tunasahau kuibadilisha. Weka:

`<html lang="sw">`

Kisha bonyeza Insert, Ctrl na S, uchague eSpeak NG, programu ya kutamka maandishi ambayo imo ndani ya NVDA na inajua Kiswahili. Sikiliza tena. Kama kuna sentensi ya Kiingereza katikati ya maelezo, izungushie `<span lang="en">`. Ukifanya hatua hii peke yake leo, tayari umemfungulia mtu mlango.

3. Vichwa viwe vichwa kweli. Kukoleza wino hakutoshi, H haitaviona. Tumia `h1` kwa jina la ukurasa, `h2` kwa sehemu, `h3` ndani yake, bila kuruka ngazi.

4. Viungo vijieleze. Kwenye ile orodha ya F7, "bofya hapa" kumi hazitofautiani. Andika "Pakua toleo la Linux".

5. Msimbo. Hapa ndipo tunapowaumiza watu zaidi. Usiweke picha ya dirisha la amri: msomaji atasikia "picha" tu, au jina la faili lisilo na maana. Andika amri kama maandishi ndani ya `<pre><code>`. Hata hivyo bado kuna mtego. NVDA, kwa mipangilio yake ya kawaida, haitamki kila alama; kistari hupita kimya. Mtu akisikia

`git status --short`

anaweza kuandika bila vistari, git ikalichukulia short kuwa jina la faili, jibu likaja tofauti, akadhani kosa ni lake. Anaweza kuongeza usomaji wa alama kwa Insert na P, ila mgeni halijui hilo. Kwa hiyo ongeza sentensi chini ya amri: "Kabla ya short kuna vistari viwili, bila nafasi kati ya vistari na short." Na kama una kitufe cha kunakili, kipe jina, kisha ujumbe wa "Imenakiliwa" uwe ndani ya `role="status"` ili usikike. Vinginevyo anabonyeza, kimya, anabonyeza tena.

6. Picha na majedwali. Katika `alt`, maandishi yanayosomwa badala ya picha, eleza kile msomaji anachopaswa kukijua kutokana na picha; pambo tupu lipewe `alt=""`. Usiseme "kitufe cha kijani upande wa kulia", sema "kitufe cha Hifadhi". Vichwa vya safu za jedwali viwe `th` vyenye `scope="col"`, ili kila seli isomwe pamoja na safu yake.

7. Mwite mtumiaji. Zana za ukaguzi zitakuonyesha `alt` iliyokosekana, lakini hazitakwambia kwamba maelezo yako hayaeleweki. Mwombe mtu anayetumia kisoma skrini kila siku asakinishe programu kuanzia mwanzo, akifuata ukurasa wako peke yake. Usimsaidie. Andika kila mahali anaposimama au kurudi nyuma. Na mlipe kwa saa zake, kama mnavyomlipa mtu mwingine yeyote anayewajaribia programu.