Fundi akisema "sawa": namna ya kuelewana saiti na kwa mteja aliye mbali

Nasimamia ujenzi wa nyumba za watu Dar es Salaam, na wateja wangu wengi wako mbali: yupo wa Muscat, wapo wa Uingereza. Nyumba zao wanaziona kwenye simu. Neno likipotea njiani, hupotea na tofali, saruji na siku za watu.

Kwanza, usiridhike na "sawa". Fundi akikujibu "sawa bosi" anakupa heshima yako. Hujajua bado ameelewa nini. Mama mmoja wa Muscat alinitumia ujumbe wa sauti: "Mlango wa jikoni usogee kulia kidogo, friji ipate nafasi." Nikamwambia fundi, akasema sawa, nami nikamjibu mama sawa. Mama, kwa mawazo yake, alikuwa amesimama jikoni akitazama uani. Fundi alikuwa uani akitazama jiko. Kulia kwa huyu ni kushoto kwa yule! Mama aliona picha tumeshafika kwenye kenchi za paa. Tukabomoa huku, tukaziba kule, siku 3 zikaenda, na gharama nikaibeba mimi kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Tangu hapo sisemi kulia wala kushoto. Nasema "upande wa tangi la maji" au "upande wa mwembe wa jirani". Wala simuulizi fundi "umeelewa?", maana jibu nalijua. Nampa chaki: "Nichoree hapa mlango unaanzia wapi na unaishia wapi." Akishachora napiga picha, namtumia mwenye nyumba, na hakuna tofali linaloinuliwa mpaka ajibu kwa maandishi. Ujumbe wa sauti ni mzuri kwa kusalimiana, lakini mabadiliko ya ramani yaandikwe.

Vipimo navyo vikubaliwe siku ya kwanza. Ramani huja kwa milimita, mafundi wengi wanahesabu futi. Chumba cha 3600 fundi atakiita futi 12, kumbe futi 12 ni milimita 3658. Karibu sentimita 6 zimezidi, na kabati za jikoni zilizopimwa kwa ramani zitaacha mwanya. Saa pia: kijana aliyekulia Uingereza akisikia "saa mbili" anaweza kungoja mchana. Andika "saa 2 asubuhi ya Dar", na ukumbuke Muscat wako mbele kwa saa moja.

Kwa timu, kaeni dakika 10 kabla ya kuanza kazi, fundi umeme na fundi bomba wakiwepo. Fundi wa lipu asichanganye mchanga kabla hajasikia kwa kinywa cha fundi umeme kwamba mabomba yake yote ya kupitishia nyaya yameshapita ukutani. Vinginevyo mtatindua ukuta uliokwisha kupendeza. Mimi huanza kumsikiliza saidia fundi. Fundi mkuu akishatangulia kusema, kijana hatampinga mbele za watu, na mara nyingi yeye ndiye aliyeona nondo zimepungua au maji yamekwisha.

Mteja apate taarifa siku ileile kila wiki. Yangu ni Jumamosi jioni: picha kutoka sehemu ileile, risiti, na jambo linalohitaji uamuzi wake.

Habari mbaya haingoji Jumamosi. Piga simu siku hiyohiyo, na usiibandike kwenye ombi la hela, ataona unamtafutia sababu. Taja jambo, sema umefanya nini, kisha mwachie nafasi aamue. Ya juzi niliisema hivi: "Shikamoo mama. Nondo za milimita 12 zimepanda bei. Sijanunua bado. Leo mafundi wanaendelea na tofali, hakuna anayekaa bure. Nimeulizia maduka matatu, bei zake nakutumia sasa hivi. Zege la lenta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, tunamwaga Alhamisi, kwa hiyo nahitaji jibu lako kabla ya Jumatano mchana."