Kuchagua pikipiki ya kwanza ya barabarani: mwongozo kwa anayejifunza

Wanafunzi wangu wengi huanza na swali hilohilo: "Mwalimu, ninunue ya cc ngapi?" Nawajibu kwamba cc, yaani ujazo wa injini, tutazifikia, ila kuna jambo linalotangulia. Ugumu wa mwendeshaji mpya hauko kwenye kasi. Uko kwenye mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu: kuondoka kwenye taa, kugeuza kwenye njia nyembamba, kusimama pale gari la mbele linapofunga breki ghafla, kuirudisha pikipiki nyuma kutoka mahali ulipoiegesha. Hapo ndipo pikipiki nyingi za wanafunzi huangukia, na nyingine huanguka zikiwa zimesimama kabisa.

Kwa hiyo kila hatua hapa chini inarudi kwenye kigezo kimoja: ukikosea kidogo, pikipiki hiyo itakuvumilia kiasi gani?

Hatua ya 1: Anza na mafunzo, kisha soma masharti ya leseni

Usinunue kabla hujaendesha pikipiki ya mafunzo kwa muda wa kutosha. Ukishazoea kuachia klachi, utajua mwenyewe unachokitaka, na hutachagua kwa macho tu.

Kisha angalia leseni yako inakuruhusu nini. Katika Umoja wa Ulaya, daraja A1 la leseni huishia cc 125 na nguvu ya kilowati 11, na A2 huishia kilowati 35. Australia ina mpango wa pikipiki zinazoruhusiwa kwa wanaojifunza, uitwao LAMS, ambao kikomo chake ni cc 660, lakini pia hutazama nguvu ya injini ikilinganishwa na uzito, isizidi kilowati 150 kwa tani. Mpango huo unaonyesha jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau: cc peke yake haisemi kitu. Uliza pia gharama ya bima kabla ya kulipa chochote, maana pikipiki mbili za ujazo mmoja zinaweza kukatiwa bima kwa bei zinazotofautiana sana.

Hatua ya 2: Ikalie, isukume, iegemeze

Nenda umevaa buti utakazoendeshea, si kandambili wala viatu vya soli nyembamba. Panda, inyanyue kutoka kwenye stendi, ikae wima. Sehemu ya mbele ya nyayo zote mbili iguse chini vizuri, au mguu mmoja ukanyage chini wote bila wewe kuteleza pembeni ya siti. Kama unagusa kwa ncha za vidole tu, siku utakaposimama kwenye barabara yenye mteremko upande mmoja, mguu utatafuta ardhi na hautaipata.

Urefu wa siti ulioandikwa kwenye karatasi ni mwongozo tu. Honda Rebel 500 ina siti ya milimita 690 hivi, na pikipiki nyingi za kawaida zinacheza kwenye 780 hadi 800. Lakini siti pana hutanua mapaja na kukufanya mfupi, na siti nyembamba ya urefu uleule hukufikisha chini. Shokapu nazo hushuka kidogo ukikaa. Ndiyo maana hakuna kipimo kinachozidi kuikalia mwenyewe.

Sasa uzito. Ukiwa umekaa, irudishe nyuma kwa miguu hatua chache. Kata usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Iegemeze taratibu upande mmoja mpaka uanze kuhisi uzito unakuvuta, halafu irudishe wima. Fanya hivyo pande zote mbili, na mtu awe amesimama karibu. Kama kuirudisha kunakulazimu ung'ate meno, hiyo si yako kwa sasa. Pikipiki za cc 125 mara nyingi zina kilo 110 hadi 140, na za cc 300 hadi 400 nyingi ni kilo 160 hadi 180. Ukiambiwa uzito, uliza kama ni pamoja na mafuta na oili, kwa sababu kuna watengenezaji wanaoandika uzito wa pikipiki kavu.

Nakusihi usinunue iliyo ndefu kwa matumaini kwamba utaishusha baadaye. Ukiipunguza shokapu, tumbo la injini linakaribia ardhi, stendi inakuwa ndefu kupita kiasi, na pikipiki inabadilika tabia kwenye kona. Mwendeshaji mzoefu anaweza kuishi na mabadiliko hayo. Mgeni hatajua kama tatizo ni lake au la pikipiki.

Hatua ya 3: Sasa tuzungumze injini

Chukua Royal Enfield Classic 350. Inatoa nguvu farasi 20 hivi. KTM 390 Duke, yenye ujazo unaokaribiana nayo, inatoa zaidi ya mara mbili ya hizo. Na Yamaha YZF-R6, ya cc 599, inavuka nguvu farasi 100 ilhali uzito wake haupishani sana na ule wa Classic 350. Mtu anayesema "600 si mbali na 350" hajawahi kutazama namba hizi zikiwa pamoja.

Tatizo la injini za mashindano kama ile ya R6 haliko kwenye kasi yake tu. Nguvu yake imewekwa juu, kwenye mizunguko inayopita 10,000 kwa dakika. Huku chini ambako mwanafunzi anaishi ni dhaifu, kwa hiyo injini inazima akiachia klachi vibaya. Akiongeza akseleta ili isizime, ikipanda inaamka ghafla. Akipita kwenye shimo na mkono ukatikisika, akseleta inatikisika nayo, na pikipiki inaruka mbele bila yeye kuiamuru.

Injini ya silinda moja yenye cc 125 au 150 inafanya kinyume. Inavuta kuanzia chini na inakuongoza kwa upole. Ukikosea gia, inalalamika kwa sauti na kutetemeka kabla ya kukuangusha. Kama safari zako ni za mjini, inakutosha kabisa. Kama utatumia barabara kuu ambako magari yanakimbia, nashauri cc 250 hadi 400, kwa sababu ukiwa huko na pikipiki isiyoweza kuendana na mwendo wa wengine, malori yatakupumulia kisogoni, na hiyo ni hatari ya aina yake. Mtu mwenye mwili mkubwa anaweza kwenda hadi cc 500 ya silinda mbili, kama Honda CB500F iliyotengenezwa kwa kilowati 35 ili ilingane na daraja A2. Zaidi ya hapo, ngoja.

Hatua ya 4: Breki, na hapa sibembelezi

Chukua yenye ABS, yaani breki zinazozuia tairi kugoma kuzunguka, ukiweza kuipata. Umoja wa Ulaya umeilazimisha kwa pikipiki mpya za barabarani zinazozidi cc 125, na sababu inaeleweka. Ukifunga breki, uzito mwingi unahamia mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa. Mwanafunzi akishtuka huiminya kwa nguvu zake zote. Tairi la mbele likigoma kuzunguka, usukani unapoteza mamlaka na uko chini kabla hujafikiri. ABS inaachia na kukaza breki mara nyingi kwa sekunde ili tairi liendelee kuzunguka.

Kama bajeti inakubana kwenye pikipiki ndogo isiyo na ABS, angalau iwe na breki ya diski mbele, au mfumo unaofunga tairi zote mbili kwa mkono au kanyagio moja.

Hatua ya 5: Umbo

Hapa sitakaa sana. Chagua inayokukalisha wima, usukani ukiwa karibu na kifua, na miguu ikiwa chini ya mwili wako. Zenye plastiki kubwa ubavuni zinapendeza, lakini ikianguka mara moja tu ikiwa imesimama, plastiki hizo zitakugharimu kuliko kitu kingine chochote. Skuta isiyo na klachi ni chaguo la heshima kwa mtu wa mjini, ila hakikisha kwanza sheria za kwenu, maana kuna nchi ambazo ukifanya mtihani kwa pikipiki ya otomatiki, leseni yako inaishia kwenye otomatiki.

Hatua ya 6: Tenga fedha za mavazi kwanza

Toa fungu la helmeti, glavu, koti lenye vikinga vya mabega na viwiko, na buti zinazofunika vifundo. Kinachobaki ndicho cha pikipiki. Helmeti iwe mpya, inayofunika uso wote, yenye alama ya viwango kama ECE 22.06. Ivae, ifunge mkanda, tikisa kichwa: mashavu yabanwe kidogo, na ukiizungusha kwa mikono ngozi ya paji la uso ifuatane nayo. Ya mtumba usiiguse, kwa sababu helmeti iliyokwisha kupata ajali inaweza kuonekana nzima kwa nje huku ndani imekwisha kazi.

Hatua ya 7: Kuikagua iliyotumika

Kwa pikipiki ya kwanza mimi huwashauri wengi wanunue iliyotumika. Itaanguka walau mara moja, na hasara yake itakuuma kidogo kuliko ya mpya. Lakini ikague kwa mpangilio, bila haraka.

Mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, sogeza kiganja karibu na injini. Kama ina joto, kuna anayetaka usione inavyowaka ikiwa baridi, kwa hiyo subiri ipoe au uondoke.

Linganisha namba ya chesisi, ambayo mara nyingi imegongwa shingoni mwa fremu, pamoja na namba ya injini, na zile zilizo kwenye kadi. Namba iliyokwaruzwa au kupakwa rangi mpya ni mwisho wa mazungumzo.

Kisha tafuta alama za kuanguka. Ziangalie kwenye ncha za mkono wa breki na wa klachi, ncha za usukani, vikanyagio na ubavu wa ekzosi. Mikwaruzo ya upande mmoja kwa kawaida ni ya kuanguka ikiwa imesimama. Shokapu ya mbele iliyopinda, au usukani usionyooka wakati tairi limenyooka, ni habari nyingine kabisa.

Beringi za shingo nazipa muda zaidi, kwa sababu wanunuzi wengi wanazipita. Isimamishe kwenye stendi ya kati, mtu akandamize nyuma hadi tairi la mbele liinuke. Shika usukani kwa vidole viwili tu na uzungushe polepole mno kutoka upande mmoja hadi mwingine. Uteleze laini njia nzima. Ukihisi kama unaingia kwenye kijitundu katikati, beringi zimechimbika, na barabarani pikipiki itayumba badala ya kwenda moja kwa moja. Halafu kaa mbele, shika sehemu ya chini ya shokapu zote mbili, vuta na sukuma. Ukisikia mgongano, kuna ulegevu.

Pitisha kidole kwenye bomba linalong'aa la shokapu ya mbele. Duara la oili maana yake sili imechoka. Tairi zina tarakimu nne ubavuni mwishoni mwa msimbo unaoanza na herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba ya zamani huwa ngumu na huteleza kwenye maji hata kama kashata zake bado ni ndefu. Cheni ivute kwa nyuma, mahali inapoizunguka sproketi. Ikiachana na meno kiasi cha kuona nusu ya jino, cheni na sproketi zote zinahitaji kubadilishwa, na bei ipungue.

Sasa iwashe, usimame nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mara nyingi ringi au sili za valvu. Mweusi ni mafuta mengi kupita kiasi. Mvuke mweupe unaoisha injini ikipata joto ni wa kawaida. Jaribu taa, indiketa, honi, na taa ya breki kwa mkono na kwa mguu, kila moja peke yake.

Kuendesha kwa majaribio mwachie mtu mzoefu unayemwamini, tena mwenye leseni, kama wewe bado hujamaliza mafunzo. Mwombe akuambie mambo matatu: inavuta upande? breki zinakamata sawa? gia zinaingia bila kurudi nyutro?

Hatua ya 8: Siku ya kwanza nyumbani

Kabla ya kwenda popote, rekebisha mikono ya breki na klachi. Kaa kwenye siti, nyoosha vidole juu ya mikono hiyo: kiganja na mkono wa mbele viwe kwenye mstari mmoja, bila kifundo kukunjika. Waya wa klachi uwe na uhuru kidogo, milimita chache kabla haujaanza kuvuta. Weka vioo uone njia nyuma ya mabega yako, si viwiko vyako.

Kama hakuna kumbukumbu za matengenezo, mwaga oili na uweke mpya kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na badilisha maji ya breki kama yamegeuka kahawia. Upepo wa tairi upime zikiwa baridi. Baada ya wiki ya kwanza, rudi kwenye cheni upime ulegevu wake tena, kisha kagua nati za mhimili wa nyuma, kwa sababu pikipiki iliyokaa muda mrefu bila kutumika huonyesha udhaifu wake katika siku hizo za mwanzo.