Pesa ya msaada ikiingia kwa simu, anza hivi
Watu wangu wa Siaya na Kisumu, kama shirika limekuandikisha upate pesa kwa M-Pesa, kwanza usipee mtu PIN na usilipe eti "ya usajili", pesa ya msaada hailipiwi, huyo ni mkora tu. Ikiingia usitoe yote siku moja, kijiji kina macho.

Halafu anza na paa. Kule Rarieda, Siaya, shirika la GiveDirectly lilipogawa pesa kuanzia 2011 wengi walinunua mabati, na watafiti wakakuta hata matumizi ya pombe hayakupanda, kinyume na vile watu husema. Na iko sababu, nyasi unabadilisha kila mara na hiyo ni gharama, mabati unaezeka unasahau. Mamangu alikuwa anapanga sufuria tatu sakafuni kila mvua ikinyesha, kwa hivyo haya naongea nayajua.

Ikibaki nunua mbuzi jike wawili, sio ng'ombe mmoja, huyo akigonjeka umeisha. Ya chama weka kando mapema. Na mjomba akikuja kukopa mwambie pesa iko kwa fundi, lakini hakikisha fundi ako juu ya paa kweli.