Msimamizi wa mirathi akifariki: jinsi ya kuomba mwingine ateuliwe

Arobaini ya baba mdogo ilipoisha, mwanawe mkubwa alitoka chumbani na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na Fomu Namba 4, ile ambayo mahakama ilimteua nayo baba mdogo kuwa msimamizi wa mirathi ya babu, pamoja na hati ya nyumba ya Magomeni na daftari la kodi. "Basi sasa haya nayashika mimi," akasema. Hakuwa na nia mbaya, alidhani ndivyo inavyokuwa. Shangazi alitazama mkeka, hakusema kitu. Miezi mitano wapangaji wakamtumia kodi kwenye simu yake naye akatugawia kama baba yake alivyokuwa akigawa, mpaka mpangaji wa chumba cha mbele alipomuuliza: "Samahani kaka, unanidai kama nani?"

Kisheria hakuwa na la kujibu. Usimamizi ni kazi ambayo mahakama humpa mtu kwa jina lake. Akifa, kazi inarudi mahakamani, haiendi kwa mkewe wala kwa mwanawe. Hata wale watoto walipofungua mirathi ya baba yao wenyewe, aliyeteuliwa kule hakupata mamlaka yoyote juu ya mali ya babu. Hizo ni mirathi mbili, na kila moja ina jadala lake, yaani faili lake mahakamani.

Ninayoyaeleza hapa ni ya Tanzania Bara, hasa kwenye Mahakama ya Mwanzo ambako mirathi za kimila na za Kiislamu hufunguliwa. Zanzibar mirathi ya Waislamu iko kwa Kadhi na taratibu zake ni nyingine. Kwa mambo ya kawaida huhitaji wakili, ila uwe tayari kwenda na kurudi.

Anza masjala, usianze na kikao

Watu wengi hukimbilia kuitisha ukoo kwanza. Mimi nasema nenda mahakamani ukatazame jadala kabla hujampigia mtu simu. Unatafuta vitu viwili.

La kwanza, je, mirathi bado iko wazi? Kama marehemu msimamizi alishapeleka hesabu za mgawo (Fomu Namba 6) na mahakama ikafunga shauri, hakuna tena nafasi ya kujaza. Mahakama ya Rufani imeshaeleza kwamba uteuzi wa msimamizi aliyekwisha kumaliza kazi na kuwasilisha hesabu hautenguliwi. Mwenye dai lake baada ya hapo anafungua kesi ya madai ya kawaida.

La pili, ni mahakama gani iliyomteua? Maombi yako yanapelekwa mahakama ileile na ndani ya shauri lilelile. Namba ya shauri iko juu ya Fomu Namba 4. Kwa Dar es Salaam ulizia pia Kituo Jumuishi cha Temeke, ambacho tangu 2021 kinashughulikia mashauri ya mirathi na familia.

Usikubali mtu akushawishi ufungue mirathi mpya ya marehemu yuleyule kwenye mahakama nyingine eti kwa sababu ya kwanza "imepotea" au ni mbali. Hapo ndipo mnapopata wasimamizi wawili wenye fomu mbili, nyumba inauzwa na mmoja huku mwingine anakusanya kodi, na mwisho wa siku mahakama ya juu inafuta yote mnaanza upya.

Kikao, na jambo linalowachanganya wengi

Sheria haikitaji kikao cha ukoo kama sharti la lazima, lakini hakimu atakuuliza muhtasari, kwa hiyo kifanyeni na kifanyeni vizuri. Muhtasari uwe na tarehe, mahali, majina ya warithi wote na uhusiano wao na marehemu, waliohudhuria na wasiohudhuria, jina la anayependekezwa, na sahihi ya kila mtu kwa mkono wake. Aliye mbali atume barua yenye sahihi. Msimsainie. Nimeona shauri likikwama mwaka mzima kwa sababu dada mmoja alisimama akasema ile sahihi si yake.

Sasa jambo lenyewe. Cheo cha msimamizi hakirithiwi, lakini fungu lake linarithiwa. Baba mdogo alikuwa msimamizi na pia alikuwa mtoto wa babu, na alifariki baada ya babu. Haki yake katika mali ya babu haikufa naye, imekwenda kwa warithi wake. Kwa hiyo yule kaka yetu wa bahasha, ambaye hakuwa na haki ya kudai kodi, alikuwa na haki kamili ya kukaa kikaoni na kusikilizwa. Sisi tulikosea hapo: kwa hasira hatukumwita kikao cha kwanza, ikabidi turudie.

Nyaraka

Zinazotakiwa hasa ni cheti cha kifo cha msimamizi aliyefariki kutoka RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo (kibali cha mazishi hakitoshi), nakala ya cheti cha kifo cha mwenye mali, nakala ya Fomu Namba 4 ya zamani, muhtasari wa kikao na kitambulisho cha anayependekezwa. Barua ya serikali ya mtaa au kijiji nayo uwe nayo mfukoni. Kama Fomu Namba 4 imepotea, omba nakala iliyothibitishwa kutoka kwenye jadala. Usiende kumgombeza mjane wa msimamizi kwa ajili ya karatasi ambayo mahakama inayo.

Kuandika maombi

Kanuni za usimamizi wa mirathi za Mahakama za Mwanzo za mwaka 1971 (Tangazo la Serikali Na. 49), kanuni ya 9, zinampa mrithi, mnufaika au mtu anayemdai marehemu haki ya kuomba uteuzi utenguliwe. Sababu zake ni tano: uteuzi ulipatikana kwa ulaghai, ulitolewa bila mahakama kujua mambo ambayo yangeubatilisha, mwenendo wa shauri ulikuwa na kasoro kubwa, uteuzi hauna tena maana wala hautekelezeki, au msimamizi anakwenda kinyume na masharti au anawaumiza warithi kwa makusudi au kwa uzembe. Msimamizi akifa, yako ni ile ya nne, na maombi hayahitaji maneno mengi. Ya kwetu yalikuwa hivi, majina nimeyaondoa:

"Mimi ni mtoto wa marehemu na mrithi katika shauri hili. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama hii alifariki kama inavyoonyeshwa kwenye cheti kilichoambatishwa. Alikuwa hajakamilisha mgawo wala kuwasilisha hesabu za mwisho. Uteuzi wake hauwezi tena kutekelezeka. Naomba mahakama iutengue na imteue aliyependekezwa na kikao cha familia cha tarehe tajwa, ili aendelee pale alipoishia."

Ombeni yote mawili, kutengua na kuteua. Ukiomba la kwanza tu utabaki na mirathi isiyo na mtu.

Hakimu ataagiza warithi waitwe na tangazo litolewe ili mwenye pingamizi ajitokeze. Siku ya kusikilizwa nendeni wengi kadiri mnavyoweza. Anayependekezwa ataulizwa kama anaijua mali na warithi, na anaweza kutakiwa kuleta wadhamini. Mkigombana kabisa, mahakama si lazima ichague mmoja wenu. Inaweza kumteua mtu wa nje mwenye sifa njema asiyeegemea upande, au ofisa wa mahakama. Nasikia watu wakiliona hilo kama aibu ya ukoo. Kuna koo ambazo zingepona kama wangeanza nalo. Asiyeridhika na uamuzi anakata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

Kama msimamizi yu hai ila amechoka au anaumwa, njia ni hiyohiyo, lakini yeye aje kwanza na hesabu ya alichopokea na alichotumia. Hawezi kuikabidhi fomu kwa mdogo wake sebuleni, hata ukoo mzima ukipiga makofi. Na mali aliyoitumia vibaya anaweza kuamriwa kuilipa kutoka mfukoni mwake.

Makabidhiano

Fomu mpya ikitoka ndipo kazi inaanza, na hapa ndipo ninapowaona wengi wakilegea. Kaeni siku moja na familia ya aliyetangulia, pamoja na mashahidi wawili, mwandike karatasi ya makabidhiano: hati, funguo, mikataba ya pango, risiti za kodi ya majengo na pango la ardhi, daftari la makusanyo, madeni, na salio la benki la siku hiyo. Kisicholetwa kiandikwe kuwa hakikuletwa. Sisi tulipata daftari lenye kurasa tatu zilizochanwa. Hatukumshutumu mtu, tuliandika "kurasa tatu hazipo" wote wakatia sahihi.

Benki wapelekewe fomu mpya ili wabadilishe mtia sahihi. Wapangaji wapewe barua yenye namba mpya ya kulipia. Kama nyumba au kiwanja kina hati iliyosajiliwa kwa jina la marehemu msimamizi "kama msimamizi wa mirathi ya" fulani, mpya naye aende kwa Msajili wa Hati akaandikishwe. Ukikuta aliisajili kwa jina lake tupu, bila hayo maneno, hapo tafuta wakili.

Halafu tarehe. Katika Mahakama ya Mwanzo msimamizi anapaswa kuwasilisha orodha ya mali na madeni, Fomu Namba 5, ndani ya miezi 4 tangu uteuzi, kisha hesabu kwa Fomu Namba 6 kadiri mahakama itakavyopanga. Mirathi iliyofunguliwa chini ya sheria ya jumla, kwenye mahakama za juu, ina miezi 6 ya orodha na mwaka 1 wa hesabu. Muda usipotosha, omba nyongeza kabla haujaisha. Orodha ya mpya ianzie kwenye karatasi ya makabidhiano, asije akabeba mzigo wa yaliyopotea kabla yake.

Kwetu aliteuliwa shangazi. Barua za wapangaji alizipeleka mwenyewe, chumba kwa chumba, na nakala ya fomu mkononi. Yule wa chumba cha mbele aliisoma yote akiwa amesimama mlangoni, akalipa miezi miwili papo hapo, kisha akadai risiti.