Nyanya ikinyauka na majani bado kijani: ipime kwa glasi ya maji kabla ya kununua dawa

Mche wa nyanya uliokuwa umesimama vizuri jana, leo saa saba mchana umelegeza majani ya juu. Jioni unajiinua, asubuhi utadhani umepona. Zinapita siku chache tu unakufa wote, majani yakiwa bado kijani. Hali hii ikijitokeza kwenye bustani za Dar es Salaam, kama Bonde la Msimbazi, Kinyerezi, Bunju au Kigamboni, wengi hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya ukungu. Mara nyingi fedha hiyo inapotea bure. Muuaji ni bakteria wa udongoni aitwaye Ralstonia, na hakuna dawa ya kupuliza inayomtibu akishaingia kwenye shina.

Ugonjwa huu, mnyauko bakteria, ulielezwa kisayansi mwaka 1896 na Erwin F. Smith wa Marekani. Bakteria hupenya kwenye mizizi kupitia vidonda na pale mizizi midogo inapochomoza. Wakishaingia huzaliana ndani ya mishipa inayopandisha maji na kutoa ute mzito unaoiziba, hivyo mmea unakufa kwa kiu huku udongo umelowa. Kuongeza maji hakusaidii, tena maji yanayotiririka kutoka shina hilo huwabeba bakteria hadi kwa jirani. Joto la nyuzi 25 hadi 35 ndilo linalowafaa, na Dar es Salaam tunalo karibu mwaka mzima.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Chagua mmea ulioanza kunyauka leo au jana, kwa sababu uliokwisha kukauka hutoa majibu ya uongo. Kata kipande cha shina cha sentimita 5 hivi karibu na ardhi, kioshe udongo, kisha kining'inize kwenye glasi angavu ya maji safi, ncha yake moja iliyokatwa ikiwa ndani ya maji. Usitikise. Ndani ya dakika 3 hadi 5 nyuzi nyeupe kama maziwa zikianza kushuka, hao ni bakteria wenyewe. Zisipoonekana baada ya dakika 15, fikiria mnyauko fuzari, unaoletwa na ukungu wa udongoni: huo huanza kwa kugeuza majani ya chini kuwa njano, mara nyingi upande mmoja wa mmea. Maji ya kipimo yachemshe au yatie jiki kabla ya kuyamwaga, na yasimwagwe bustanini.

Ukishathibitisha, ng'oa mmea pamoja na udongo ulioshika mizizi na uutie kwenye kiroba hapo hapo. Usiuburute kupita kwenye matuta, wala usiutupe kwenye shimo la mboji au ukingoni mwa mto. Uache ukauke mbali na bustani, kisha uchome moto. Mimea inayougusa, hasa ya upande maji yanakoelekea, nayo ing'olewe hata kama inaonekana nzima. Jembe na kisu vioshwe tope lote kwanza, ndipo viloweshwe kwenye jiki, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji. Tope likibaki, jiki huishia kwenye tope na bakteria wanabaki. Kwa sababu hiyo hiyo, kumwaga jiki kwenye tuta hakusafishi udongo.

Bakteria hawa hukaa udongoni kwa miaka, hivyo tuta lililougua lisipandwe nyanya, biringanya, nyanya chungu, pilipili wala mnavu kwa misimu kadhaa. Mahindi, vitunguu na kabichi vinafaa. Bamia haifai, maana huzalisha kwa wingi minyoofundo, minyoo midogo ya udongoni inayofanya mizizi iote mafundo, na vidonda vya minyoo hao kwenye mizizi ndiyo milango ya bakteria.

Je, vijidudu rafiki wa mimea vinaweza kusaidia? Vyuo vikuu vinalitafiti swali hili kwa bidii. Mwaka 2018 watafiti wa Korea Kusini walihamisha vijidudu kutoka kwenye mizizi ya Hawaii 7996, nyanya inayostahimili mnyauko, na kuvipa Moneymaker, ambayo wakulima wetu wanaijua vizuri. Ugonjwa ukapungua. Ni hatua kubwa, lakini kijidudu kinachofanya vizuri kwenye chungu mara nyingi hushindwa kwenye tuta lenye joto, samadi na maelfu ya vijidudu wengine. Bidhaa za Trichoderma (ukungu rafiki) au Bacillus (bakteria rafiki) zitumike kama nyongeza, na kabla ya kulipa hakikisha zimesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania.

Kinga tunayoiamini zaidi kwa tuta lenye historia ya ugonjwa ni kubebesha, yaani kuunga sehemu ya juu ya mche wa nyanya kwenye shina la biringanya sugu lenye mizizi yake. Kituo cha Dunia cha Mboga, chenye ofisi Arusha, kimekuwa kikipendekeza biringanya aina ya EG203. Sia biringanya siku chache kabla ya nyanya, kwa kuwa huota polepole, ili siku ya kubebesha mashina yalingane unene. Kata yote mawili kwa mshazari, kwa wembe mpya, yabane kwa kibanio kidogo, kisha weka miche chini ya kivuli na plastiki yenye unyevu kwa wiki moja hivi. Fungua kidogo kidogo; ukiifungua yote kwa siku moja, jua la Dar litaikausha kabla jeraha halijaunga.

Kosa linaloharibu kazi yote hufanyika siku ya kupandikiza. Unganiko, pale nyanya na biringanya zinapokutana, lazima likae juu ya udongo, na usilifukie unapopalilia. Likifukiwa, sehemu ya nyanya huota mizizi yake yenyewe na bakteria hupitia humo, kana kwamba hukubebesha. Ondoa pia machipukizi yote yanayotoka chini ya unganiko.